MPUNGA MMOJA, RISITI MOJA

Mfanyabiashara anayevusha mpunga wa Malinyi kupitia daraja la Kilombero hadi Ifakara haulizi serikali za mitaa zina ngazi ngapi, bali ni ngapi zitakazomdai. Uganda ina mabaraza ya ngazi 5, kuanzia kijiji hadi wilaya. Kenya ina kaunti 47. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinazikataza kutoza kodi inayokwamisha bidhaa kupita. Kwetu, mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 2. Ni hatua njema, lakini kila kizuizi hulipiwa na mkulima au mlaji. Halmashauri yenye shamba itoze mara moja. Nyingine ziheshimu risiti hiyo hadi Dar es Salaam.