Tovuti ni ya kuaminika, tangazo je?

Jioni moja jirani yangu hapa Kihonda alinijia ameikumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. "Dokta wa gazeti," akasema, "leo anayeumwa ni huyu."

Kijana wake wa kidato cha nne alikuwa akitafuta mitihani ya miaka ya nyuma kwenye tovuti anayoitumia kila wiki. Ghafla likatokea dirisha jekundu: kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa isafishwe. Akabonyeza. Asubuhi mafaili yote hayafunguki, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai pesa. Humo mlikuwa na tasnifu ya mumewe na picha za kitinda mimba tangu siku aliyozaliwa.

"Lakini hakuingia tovuti mbaya," mama alirudia.

Kweli, hakuingia. Sisi tunaokaa chini ya Uluguru tunalijua hili: maji hutoka mlimani maangavu, lakini hupita kwenye mashamba na nyumba za watu kabla ya kutufikia, ndiyo maana tunayachemsha. Tovuti nyingi haziweki matangazo zenyewe. Nafasi huuzwa na kampuni nyingine, na tapeli naye anaweza kuinunua. Septemba 2009 tangazo la namna hiyohiyo, la kuwatisha watu kwa virusi vya uongo, lilionekana kwenye tovuti ya New York Times. Machi 2016 gazeti hilo na BBC yalikumbwa tena, na safari hii programu ya zamani isiyosasishwa ilitosha kumponza msomaji hata asipobonyeza kitu.

Kwa hiyo mzazi, usizime masasisho ya Windows na ya kivinjari, iwe Chrome au Firefox. Najua bando linauma, nami nimewahi kuyaahirisha miezi mitatu. Lakini masasisho ndiyo yanayoziba matundu. Ukinunua kompyuta ya mtumba yenye Windows 7, jua Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020.

Mtoto mfungulie akaunti yake isiyo na ruhusa ya kuingiza programu. Dirisha la kutisha likitokea, asibonyeze chochote ndani yake, afunge kivinjari. Kikikataa, azime kompyuta. Akishabonyeza, kata intaneti mara moja na ubadilishe nywila za benki na barua pepe kwa kutumia kifaa kingine. Usikimbilie kulipa, wapo waliolipa na hawakurudishiwa kitu.

La muhimu kuliko yote ni nakala. Weka picha na kazi zako kwenye flashi au diski ya nje, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, nayo hufungwa pamoja na kompyuta.

Picha nyingi za mtoto tulizipata kwenye simu ya bibi yake kule Matombo, ambaye hafuti kitu. Tasnifu, baba ameanza upya sura ya kwanza.