Ukurasa wa Nyumbani: Paka Asiyesikia Dawa

Mwezi huu tumeziweka kando barua za mapishi na za malezi, tukaona tuijibu barua moja tu, kwa kuwa aliyeiandika yumo katika jambo lisilongoja. Ni dada yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja, akaaye na mumewe na watoto wake katika mji wa kusini ya Uingereza. Paka wao, dume wa miaka 11, alionekana mwaka jana kuwa ana ugonjwa wa sukari. Daktari wa wanyama akaamuru achomwe insulini yuniti 1 asubuhi na 1 jioni. Sukari haikushuka. Wakapanda hadi 2, hadi 4, hadi 7, na leo wamefika yuniti 12 kila mara, na bado kipimo chasoma zaidi ya 20, hali ya kuwa paka mwenye siha kwa kawaida hafiki hata nusu ya hiyo.

Dada yetu aeleza kwamba mumewe amdhania kuwa anamlisha paka kwa siri, na kwamba daktari amemwuliza mara mbili kama kweli hakosi sindano hata moja. Naye mwenyewe, maskini, ameanza kuutilia shaka mkono wake. Sasa ametajiwa kwamba huenda likawa jambo la huruma kumwua paka huyo kwa sindano, na ameitwa kwa ajili ya mazungumzo hayo baada ya wiki mbili. Atuuliza: "Kosa langu ni lipi?"

Jawabu letu, dada, ni kwamba kosa laweza kuwa si lako kabisa. Umetuandikia neno moja kama kwamba halina maana, nalo ndilo lililotufanya tuinue kalamu. Wasema kwamba tangu augue, paka huyu amepanda uzito kutoka kilo 6 hadi kilo 7 na nusu.

Tunajua kwamba msomaji wa Mombasa au wa Mji Mkongwe atatabasamu asomapo haya. Paka wa kwetu hushinda sokoni kwa wauza samaki, hula vichwa na matumbo, akalala juu ya baraza, na kama ameugua sukari hakuna aliyempima akajua. Lakini paka wengi wa Ulaya hufungiwa ndani miaka 15, hulishwa vidonge vya chakula vilivyojaa wanga, akanenepa. Na ndugu zetu waishio huko hufuga kama wafugavyo jirani zao.

Turudi kwenye uzito. Paka mwenye sukari isiyotibika hukonda. Hula sana, hunywa maji sana, hukojoa sana, na nyama yake huyeyuka mgongoni, kwa sababu chakula hakiingii mwilini bila ya insulini. Basi akiwepo paka ambaye sukari yake iko juu mwezi baada ya mwezi, insulini haimfai kitu, na juu ya hayo azidi kuwa mkubwa, hapana budi kuuliza: ni nani huko ndani amwambiaye mwili ukue?

Chini ya ubongo wa paka, kama ulivyo ubongo wa mwanadamu, kuna tezi ndogo mfano wa punje, iitwayo pituitari. Miongoni mwa kazi zake ni kutoa homoni ya ukuaji. Katika paka wengine walioingia umri, tezi hii huota uvimbe, ambao aghalabu si saratani ya kuenea, nao ukawa watoa homoni hiyo bila ya kiasi. Ugonjwa huu huitwa akromegali. Homoni ya ukuaji ikizidi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huzuia insulini isifanye kazi yake, hata kongosho likachoka na sukari ikapanda. Na huliamuru ini litoe kitu kingine kiitwacho IGF-1, ambacho hukuza mifupa, moyo, figo, ini na ulimi. Kwa hiyo sukari ya paka huyu ni tawi tu, na shina liko kichwani. Ukilikata tawi kila siku asubuhi na jioni, shina lachipuza tena kabla ya sindano ya pili.

Wala usidhani kwamba haya ni maradhi ya nadra ya kusomwa vitabuni tu. Mwaka 2015 wataalamu wa Royal Veterinary College, London, walitangaza matokeo ya damu za paka 1221 wa Uingereza wenye ugonjwa wa sukari. Katika hao, 319, yaani kiasi cha 26 katika kila 100, walikuwa na IGF-1 iliyopita nanogramu 1000 kwa mililita. Na katika wale walioendelea kuchunguzwa kwa picha za kichwa, karibu wote walithibitika kuwa na akromegali. Uchunguzi wa Uswisi na Uholanzi uliotolewa mwaka 2017 ulipata wachache zaidi, karibu 18 katika 100, lakini hao nao si haba. Na lililotugusa sisi ni hili, kwamba katika paka wa Uingereza waliothibitika, ni kama robo tu ambao madaktari wao walikuwa wamewashuku kwa nguvu. Waliobaki walionekana kama paka wowote wenye sukari. Mumeo na asome maneno haya kabla ya kukulaumu tena.

Zitafute picha za paka wako za miaka minne au mitano iliyopita, uziweke karibu na uso wake wa leo. Tazama kama uso umepanuka, kama taya la chini limechomoza mbele, kama meno yameachana, kama nyayo zimekuwa kubwa, kama anakoroma alalapo na zamani hakuwa akikoroma. Mabadiliko haya huja polepole mno, na anayemwona paka kila siku hayaoni. Picha ndiyo isemayo. Lakini usipoyaona usijipe moyo, kwa kuwa wengi hawana hata alama moja ya nje.

Kabla ya kuhukumu, yako mambo madogo ya kuyaondoa kwanza, na la kwanza ni bomba la sindano. Iko insulini ya yuniti 40 kwa mililita na iko ya yuniti 100, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 40 kwa bomba la 100 kwa kufuata alama zake, paka hupata chini ya nusu ya dawa aliyoamriwa. Ukifanya kinyume chake, hupata mara mbili na nusu, na hilo laweza kumwua usiku huohuo. Litazame bomba lako leo. Kisha itazame chupa: kila moja ina muda wake baada ya kufunguliwa, nao umeandikwa katika karatasi yake, na ikiganda kwa barafu haifai tena. Mwombe daktari amtazame meno, aupime mkojo kama una uchafu wa maradhi, na umkumbushe kama paka amewahi kupewa dawa za namna ya kotizoni kwa ngozi au pumu, maana hizo nazo huikaidi insulini.

Yakishatoka hayo, omba damu ipimwe IGF-1. Ni damu kidogo tu ipelekwayo maabara, na gharama yake ni ndogo kabisa mbele ya yale yatakayofuata. Paka aliyeanza insulini juzi aweza kutoa jawabu la uongo la chini, kwa kuwa ini huhitaji insulini ili litengeneze kitu hicho, na hapo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Lakini wako amekwisha kupata insulini mwaka mzima. Jawabu likipita 1000, kinachofuata ni picha ya kichwa. Sisi twaona kuwa si uadilifu kulizungumza jambo la kumwua mnyama kwa ajili ya dawa iliyoshindwa, na hali hapana aliyeuliza kwa nini imeshindwa. Lipeleke ombi hilo kwa daktari kesho, usingoje siku ya miadi.

Sasa twaja kwenye khatari ambayo kwayo hatukupata usingizi baada ya kusoma barua yako, pale usemapo kwamba juma lililopita uliongeza yuniti moja kwa shauri lako mwenyewe. Usifanye hivyo tena. Uvimbe huu hautoi homoni kwa kipimo kimoja. Leo hutoa nyingi na kesho chache. Siku itokapo chache, zile yuniti 12 ambazo jana hazikufaa kitu huwa nyingi kupita kiasi, na sukari huporomoka. Utamwona paka anapepesuka, anatetemeka, macho yamekodoka, au analia njaa ya ghafula, kisha huanguka kwa kifafa. Hapo mpake asali katika fizi kwa kidole, wala usimmiminie kitu kinywani aliyezimia, na umkimbize kwa daktari. Jifunze kumtoa tone la damu katika ukingo wa sikio na kulipima nyumbani. Paka wengi huzoea, khasa wakipewa kipande cha kuku baadaye.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mpe nyama na samaki wa kopo wasio na wanga, uviache vidonge vikavu, na sahani za watoto zenye wali zisibaki mezani. Katika paka wengine wenye sukari, chakula hicho pamoja na insulini mapema huweza kuuondoa ugonjwa hata sindano zikaachwa. Kwa mwenye akromegali usitarajie hayo, na njaa yake usiichukulie kuwa ni ulafi wala kuwa umemharibu kwa kumdekeza. Ni homoni imsukumayo.

Kuhusu tiba ya shina lenyewe, njia iliyo bora kwa kadiri ya ujuzi wa leo ni kuitoa tezi kwa upasuaji, kupitia katika paa la kinywa. Katika habari za paka 68 waliopasuliwa huko Royal Veterinary College, zilizotolewa mwaka 2021, 58 walikuwa hai baada ya wiki 4, na 41 katika hao waliachana na insulini kabisa, wengi wao katika siku chache. Waliokufa ni 10. Hilo nalo lisifichwe. Aliyetolewa tezi huhitaji dawa za kotizoni na za tezi ya shingo maisha yake yote. Njia ya pili ni mionzi: katika paka 53 waliotibiwa Colorado, Marekani, na khabari zao zikatolewa mwaka 2018, kwa karibu wote insulini ilipunguzwa, na kiasi cha theluthi waliachana nayo. Zote mbili ni maelfu ya pauni, na kama paka hana bima hatumlaumu mtu yeyote asiyeziweza, mwenye watoto wa kusomesha. Iko sindano ya kila mwezi iitwayo pasireotaidi, iliyowafaa paka wachache waliojaribiwa, nayo ni ghali sana. Na viko vidonge vya kabagolini, rahisi kwa bei, lakini khabari zake zimetofautiana, wengine wakifaidika na wengine wasione kitu. Ukishindwa zote, bado waweza kuishi naye kwa insulini ya kiasi, ukikusudia kumpunguzia kiu na njaa badala ya kuifukuza tarakimu, na moyo na figo zake zikitazamwa kila baada ya miezi michache. Wako walioishi miaka kwa namna hiyo.

Umeuliza pia kuhusu insulini itokayo kwa nguruwe. Ni kweli kwamba Caninsulin, itumikayo sana kwa paka, asili yake ni kongosho la nguruwe. Hukumu ya kuitumia kwa mnyama tunawaachia mashekhe, lakini kwa upande wa dawa hapana haja ya kufika huko: ProZinc haitokani na nguruwe, na glagini kadhalika, nawe waweza kumwomba daktari mojawapo. Lakini kumbuka, kubadili insulini ni kubadili bomba. Glagini ni ya yuniti 100.

Jambo la mwisho katika barua yako ni la Ramadhani, kwamba ulikuwa ukimchoma paka wakati wa daku na wakati wa kufuturu ili usisahau. Kusudio ni jema, ila jua la Uingereza halimfai. Mwezi ukiangukia Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2016, baina ya daku na futari hupita saa 18, kisha sindano ya pili yafuatwa na nyingine baada ya saa 6 tu. Yeye hafungi, sindano zake ni kila baada ya saa 12, mwaka mzima. Utakaposafiri kuja Unguja kwa arusi ya mdogo wako, mwachie mtu aliyekwisha kuchoma mbele ya macho yako si mara moja, na ubandike karatasi katika mlango wa friji: saa, kipimo, aina ya bomba, simu ya daktari, na mahali ilipo asali.