Mwenye Pikipiki Haonekani Kwenye Televisheni

Wapo watu hapa Kindu wanaoamini kwamba haki ya aliyegongwa ni ile ya kwenye televisheni: wawili wanasimama mbele ya hakimu mkali, nyundo inagongwa, pesa inatoka. Wakiona familia imeketi kwa shefu wa kartie kuelewana na dereva, wanacheka. Hao, wanasema, wameogopa tribinali.

Wacheke, ila wajue wanachokitazama. Judge Judy, kipindi cha Marekani kilichoanza 1996 na kudumu miaka 25, hakikuwa mahakama. Kilikuwa usuluhishi ambao pande zote mbili ziliukubali kwa saini, na fidia, isiyozidi dola 5,000, ilitoka mfukoni mwa watengenezaji. Aliyeshindwa hakulipa hata senti! Na huko huko Marekani kesi nyingi za majeraha humalizwa kwa makubaliano kabla jaji hajazisikiliza.

Ubaya wa makubaliano yetu uko kwingine, na televisheni inatuzoeza kutouona. Skrini huonyesha watu wawili tu. Mtoto akivunjwa mguu na pikipiki katika komini ya Kasuku au Mikelenge, anayeburutwa polisi ni dereva, kijana asiye na kitu. Mwenye pikipiki, anayepokea hesabu kila jioni, yuko kwake anakula. Ilhali kifungu cha 260 cha sheria ya Kongo ya mikataba na madeni, iliyopo tangu 1888, kinamdai mtu hata kwa madhara yaliyofanywa na anaowatuma kazi, na sheria ya Januari 1973 inalazimisha bima ya vyombo vya moto. Zamani bima ilikuwa ya SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Sheria ya 2015 iliyafungulia makampuni mengine mlango. Ni mzee gani msuluhishi anayeuliza karatasi ya bima? Huulizwa pesa ya dawa, barua inaandikwa, pikipiki inaachiliwa. Wiki ambazo mama hakwenda sokoni kwa sababu ya kumuuguza mwanawe hazihesabiwi na yeyote.

Mtaniambia: basi twende tribinali. Nendeni, wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini ukishinda, kuna ada ya serikali inayopimwa kwa kiasi ulichopewa, nayo hulipwa kabla hujapata hukumu ya kutekelezwa. Kisha umsake mdaiwa mwenyewe. Mimi nitachagua kikao cha kartie ambacho mwenye pikipiki ameitwa, bima yake na cheti cha daktari viko mezani, kuliko hukumu nzuri juu ya kijana aliyekwisha kuhamia Kasongo.