Kabla ya Polishi, Inama Kwanza

Na Bin Sefu

Jumamosi mchana, pita penye mashine ya kuoshea pikipiki, iwe Mbagala, Tanga au Morogoro, utakuta kazi ni ileile. Boxer imeingia na tope la wiki nzima. Kijana anaifyatulia maji ya presha, povu linaruka, kitambaa kinapita kwenye tangi na madigadi, tairi zinapakwa dawa nyeusi, mara chombo kinawaka. Dereva analipa, anakwea, anaondoka kupeleka hesabu ya siku kwa tajiri mwenye chombo. Tajiri naye anatupia jicho tangi, anaridhika, anapokea hela yake. Katika wote hao watatu, hakuna aliyeinama.

Mimi nasema kuosha pikipiki ni ukaguzi. Urembo unafuata baadaye. Na pikipiki ikiwa imetelekezwa, ile iliyolala miaka chini ya mwembe tangu bwana shamba astaafu, au iliyoachwa na dereva aliyekimbia mkataba, ukaguzi huo ndio kazi yenyewe. Polishi ikitangulia, umelipia kuficha ubovu wako mwenyewe.

Anzia palipo pachafu kuliko pote: chini ya kifuniko cha sproketi ndogo, karibu na kanyagio la gia. Zima injini kabisa, maana cheni inayozunguka imeshakula vidole vya wengi. Fungua bolti zake, utakuta tope zito jeusi: oili ya cheni, vumbi la barabarani, mchanga na nyuzi za mifuko ya sandarusi, vyote vimegandamana. Lifukue kwa kijiti, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye mafuta ya taa. Likishatoka ndipo utajua kama meno ya sproketi yamechongoka na kulalia upande mmoja, na kama sili ya shafti inavuja. Futa pakauke, washa injini dakika chache, izime, chungulia tena. Oili mpya ikitokeza, umeshajua inakotoka. Kabla ya hapo ulikuwa unaongeza oili kila wiki na kumlaumu muuza vilainishi.

Nenda kwenye fremu. Pale keria ilipochomelewa, na kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ndipo uzito wa mishikaki ya abiria na magunia ya mkaa unapomalizikia. Chuma kikianza kupasuka, mara nyingi huanza na uzi mwembamba wa kutu juu ya rangi ambayo kwingine kote ni nzima. Vumbi linaufunika, na rangi mpya inaufunika zaidi. Anayeuona ni yule aliyepita pale kwa kitambaa, taratibu, akiwa amechuchumaa.

Ukifika shingoni, chini ya usukani, safisha mpaka namba ya chasisi isomeke, kisha ilinganishe na kadi. Geukia ubavu wa tairi, tafuta tarakimu nne zilizochapwa mwishoni mwa herufi za DOT. Zikisomeka 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zake zinaweza kuwa ndefu bado, lakini mpira uliokaa juani miaka yote hiyo umekakamaa na kupasukapasuka. Dawa nyeusi ya Jumamosi haiurudishii ujana.

Sasa hiyo mashine ya presha. Simkatazi mtu kuitumia kwenye madigadi, lakini kuielekeza kwenye beringi za magurudumu, shingo ya usukani, kabureta na soketi za umeme ni kutafuta gharama. Maji yanapenya panapotakiwa grisi, na grisi inatoka. Siku kadhaa baadaye beringi inalia, swichi inagoma, na hakuna anayekumbuka kuosha. Pikipiki iliyokaa muda mrefu inataka ndoo, sifongo na sabuni laini ya maji. Sabuni ya unga ni kali kwa rangi na alumini, na isipoyeyuka vizuri inakwaruza. Injini iwe imepoa, na tundu la ekzosi lizibwe kwa mfuko wa plastiki.

Lipo kosa jingine tumelizoea hadi tunaliita utaalamu: kupaka injini na fremu oili chafu, au kupangusa chombo kizima kwa dizeli, ili kiwe na ule weusi unaometa. Kinameta kweli, hadi vumbi la kwanza. Oili inanasa vumbi, dizeli inalegeza mipira, na tone likidondokea diski au viatu vya breki, abiria ndiye atakayelipa. Wahenga walishasema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Hapa mtu ataniuliza, kwa hiyo polishi ni haramu? Hapana. Polishi ina siku yake, nayo ni siku ya mwisho. Kwa sisi wa pwani ina faida ya kweli, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Kromu yenyewe haishiki kutu. Ni ngozi nyembamba juu ya nikeli, na chini yake ndiko kuna chuma. Yale madoa ya kahawia unayoyaona kwenye rimu na ekzosi ni kutu ya chuma inayochomoza kwenye vitundu na mikwaruzo. Ukiyavamia kwa waya wa kusugulia sufuria, unaongeza mikwaruzo. Chukua karatasi ya foili ya jikoni, ilowanishe, sugua polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inang'oa kutu bila kuchuna kromu. Kausha, paka nta, ili hewa ya bahari isipate pa kushika.

Tangi lililofifia linarudi kwa kompaundi na kitambaa laini, lakini kwenye kingo usikaze mkono, rangi pale ni nyembamba. Na kabla hujashughulika na nje ya tangi, fungua kifuniko uchungulie ndani kwa tochi. Petroli iliyolala mwaka mzima inaacha ulimbo unaoziba jeti za kabureta, na kutu ya ndani ikiachwa itafuata njia hiyohiyo. Imwage yote, jaza siki, iache ifanye kazi, suuza, kausha upesi, kisha zungushia oili kidogo. Kuna matangi mengi yanang'aa nje kama ya dukani, ndani kutu tupu.

Najua wasomaji wangu wa kijiweni watacheka. Nani ana muda huo? Nao wana hoja. Dereva wa mkataba anadaiwa hesabu kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Saa mbili za kuchuchumaa na mswaki ni saa mbili bila hata safari moja. Matengenezo mara nyingi ni juu yake, na chombo bado si chake hadi mkataba uishe. Anachoweza kukimudu ni kile tajiri anachokitazama, na tajiri anatazama tangi. Kwa hiyo kijana ananunua mng'ao. Ukimwita mvivu umemwonea, ameshapiga hesabu zake akaona kinacholipa.

Lawama naipeleka kwa tajiri, na kwa sisi wanunuzi wa mitumba. Muuzaji wa pikipiki kuukuu anajua kizuri chajiuza, ndiyo maana anaipiga polishi jioni ya kuamkia siku unayokuja kuiona. Mwambie aiache na vumbi lake, uende na tambara lako na chupa ya mafuta ya taa. Akikataa usiiguse fremu, rudi nyumbani na hela yako.

Na tajiri, tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki za abiria nchini Tanzania, chombo chako ni gari dogo la umma. Mkono wa gurudumu ukikatika Kimara, atakayeanguka ni mama aliyekuwa akiwahi kliniki. Ukidai hesabu kila siku ya Mungu bila kutoa nafasi ya kukiangalia chombo, ule uzi wa kutu hautakusubiri umalize kukusanya.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila mwezi, nusu siku isiyo na hesabu. Dereva aje na chombo kikiwa kichafu, tajiri aje na nguo za kazi, waoshe pamoja kuanzia chini kwenda juu, na kwa kila kitakachogundulika wakubaliane palepale nani anakilipia. Muda ukibaki, polishi ipakwe. Na nusu siku hiyo isiachiwe hisani ya mtu: iandikwe kwenye mkataba, mstari wake wenyewe, chini ya mstari wa hesabu.