Kiti cheupe cha ngozi hakihitaji maji ya Kituku

Asubuhi pale Kituku, ufuo mmoja unafanya kazi za miji mitatu. Mitumbwi na boti kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi vinashusha ndizi, maharagwe, mananasi na magunia ya makala. Akina mama na watoto wanazamisha bidoni za njano za lita 20, wanazibeba mgongoni au kuzipanga juu ya tshukudu. Hatua chache kutoka hapo vijana wanaosha pikipiki na magari. Kati ya magari hayo kuna yale ambayo wenyewe wanayatunza kama yai: Harrier, Prado au RAV4 yenye viti vya ngozi vya rangi ya maziwa. Milango yote minne iko wazi, na povu limejaa kuanzia kiti cha dereva hadi cha nyuma.

Povu hilo ndilo kosa. Linaharibu kiti, linachafua maji yanayotekwa pembeni, na halikuhitajika kabisa. Kusafisha viti vya ngozi ni kazi ya nusu beseni la maji na vitambaa vitatu. Mwenye gari anaweza kuifanyia Himbi, Katindo au Majengo, mbele ya mlango wake, bila hata kuliona ziwa.

Hakuna mtu wa Goma aliyekaa chini akachagua viti vyeupe kwa ajili ya mji huu. Magari mengi yanafika yakiwa yametumika, kutoka Japani au kupitia Dubai, yanashushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha yanapanda hadi mpakani. Aliyechagua rangi hiyo alikuwa akiishi penye lami na mvua isiyo na majivu. Hapa gari linakutana na vumbi jeusi la mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Barabara nyingi za mitaani ni lava hiyohiyo iliyosagwa na magurudumu. Vumbi lake si laini kama udongo wa Masisi. Ni vipande vidogo sana vyenye makali, na kila abiria anayekaa anavisugua ndani ya kiti kwa uzito wake.

Juu ya vumbi kuna mengine ambayo kila dereva wa Goma anayajua. Gunia la makala lililoegemezwa kwenye kiti cha nyuma. Ndoo ya sambaza iliyomwaga maji yake njiani. Jasho la shingo, mafuta ya nywele, biskuti ya mtoto. Na adui asiyeonekana mapema: suruali ya jinsi mpya. Rangi yake ya buluu inahamia polepole kwenye kiti cheupe, na baada ya miezi michache kiti cha dereva kinakuwa na kivuli cha mtu aliyekaa.

Mwenye gari anapoona hivyo anakasirika, analipeleka kwa vijana na kutoa amri moja: ling'ae. Hapo ndipo javel inapotoka, na sabuni ya unga, na burashi ya kufulia mazulia. Wengine wanaongeza esansi kidogo kwa doa la kalamu. Kweli, siku hiyo kiti kinang'aa. Mwenyewe anaondoka na furaha, na kijana anapata sifa ambazo zitamrudia vibaya miezi sita baadaye.

Ngozi ya kiti cha gari si ngozi tupu. Juu yake kuna rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba sana, kama varnishi ya mbao. Mtu akisafisha kiti anasafisha utando huo. Javel inaula na kuufanya mkavu. Kiti kinageuka njano, kisha kinapasuka kwenye mikunjo. Esansi inaondoa doa la kalamu pamoja na rangi ya kiti yenyewe. Burashi ngumu inamalizia kile ambacho vumbi la lava lilianza. Mafundi wa kushona viti mjini wanapokea matokeo yake: ngozi inang'olewa na kuwekwa skai.

Kuna jambo lingine ambalo wachache wanalifikiria, nalo ni maji yenyewe. Ngozi inapotengenezwa kiwandani inaachwa na uchachu kidogo, na inapenda kubaki hivyo. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yako upande wa pili, upande wa magadi: kipimo chake cha pH kinakaribia 9, wakati ngozi iko karibu na 4 au 5. Tena maji hayo yana chumvichumvi nyingi za volkano. Yakikauka juu ya kitu yanaacha ukungu mweupe, kama wafuaji wa Kituku wanavyouona kwenye mawe. Sabuni ya unga nayo ni ya upande huohuo wa magadi. Basi anayelowesha kiti kwa maji ya ziwa na sabuni ya unga anakipiga mara mbili kwa fimbo moja. Na kile anachokiona cheupe baada ya kukauka pengine si usafi, ni chumvi.

Kazi inayofaa inaanza bila maji. Vumbi litolewe kwanza, kwa mashine ya kuvuta vumbi ikiwepo umeme, au kwa burashi laini ya kupakia rangi, hasa kwenye mishono na katika vitundu vidogo vya kiti. Anayeruka hatua hii anageuza kitambaa chake kuwa msasa. Kisha maji ya mvua, au ya bomba, kidogo tu, ya uvuguvugu, na matone machache ya sabuni laini ya maji, ile ambayo mama hawezi kuogopa kumwogeshea mtoto. Dawa maalumu ya ngozi ya magari ikipatikana ni bora zaidi, lakini isiwe kisingizio cha kurudi kwenye javel inapokosekana.

Kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa sana, ndipo kinapita kwenye kiti. Kiti kisiloe. Povu likihitajika kwa uchafu uliokomaa, litengenezwe kwenye burashi laini na lisimwagwe juu ya ngozi, kwa kuwa maji yakipita kwenye mishono yanaingia kwenye sponji ya ndani, na harufu ya sambaza itakayokaa humo haitoki kwa manukato yoyote. Ifanywe sehemu ndogo, upana wa viganja viwili, kisha kitambaa cha pili chenye maji matupu kiondoe sabuni, na cha tatu kikaushe palepale. Maji ya beseni yakigeuka meusi yabadilishwe. Mwisho milango iachwe wazi kivulini. Kuanika ngozi juani ili ikauke haraka ni kuipika. Goma iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, na jua la mwinuko huo ni kali hata siku ambayo hewa ni baridi.

Dawa yoyote mpya ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, chini ya kiti au nyuma yake. Doa la jinsi lishughulikiwe wiki hiyohiyo. Likikaa mwaka mzima, linakuwa sehemu ya kiti, na hapo ni fundi wa rangi ndiye anayehitajika. Zile dawa za mtaani kama dawa ya meno, maziwa, mafuta ya kupikia na siraji nyeupe ya viatu ziachwe. Mafuta ya kupikia yanaoza na kukamata vumbi. Siraji inahamia kwenye suruali ya mgeni wa heshima siku ya harusi.

Kulinda kiti ni rahisi kuliko kukiosha. Kupangusa kwa kitambaa kikavu kila jioni, kabla vumbi halijasuguliwa ndani. Krimu ya kulinda ngozi mara chache kwa mwaka, kidogo, kisha ifutwe. Kadibodi nyuma ya kioo cha mbele gari likisimama juani. Husi ya kitambaa kwa anayebeba abiria na mizigo, lakini husi ya rangi isiyochuja. Nyekundu au nyeusi ya bei rahisi ikilowa inaacha alama mbaya kuliko sambaza. Mwenye skai asifikiri maneno haya hayamhusu. Hata katika magari yanayoitwa ya ngozi, mara nyingi ngozi ni pale pa kukalia tu, na pembeni na nyuma ni skai. Zote zinapenda kitambaa chenye unyevu na kuchukia javel.

Wapo watakaosema kwamba katika mji uliopita vita na vifo, kuzungumza viti vya Harrier ni anasa. Si kweli kwa wote. Tangu benki zilipofunga milango mwaka 2025, kwa familia nyingi gari ndiyo akiba iliyobaki inayoweza kuuzwa. Mnunuzi akifungua mlango, anatazama viti kabla hajasikiliza injini, na kwa kiti kilichopasuka anapunguza dola nyingi. Na akiba hiyo inaharibiwa kwa sabuni ya franka chache.

Jambo zito zaidi liko majini. Goma haina mto. Mji umekaa juu ya mawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu yake kinashuka ziwani. Mabomba ya Regideso hayafiki kila nyumba, na mara kwa mara yanakatika. Mlipuko wa 2021 uliyavuruga. Mapigano ya Januari 2025 yaliuacha mji bila maji wala umeme kwa siku kadhaa, na maelfu ya wakaaji walirudi ziwani na bidoni zao. Kwa watu hao Kituku ndiyo bomba. Na Goma inajua maji mabaya yanaleta nini: mwezi Julai 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika mji huu na kambi zake.

Isisemwe kwamba povu la gari linaleta kipindupindu. Kipindupindu kinatoka kwenye kinyesi. Lakini klorini inayotiwa kwenye bidoni ili kuua vijidudu haichagui cha kushambulia. Inakula uchafu wowote inaoukuta, na maji yenye matope, mafuta na takataka yanaimaliza kabla haijafika kwa kijidudu. Kipimo kilichotosha kwa maji safi hakitoshi kwa maji ya pembeni mwa gari linaloshwa. Ziwa ni kubwa, ndiyo, lakini hakuna mtoto anayeteka maji katikati ya ziwa. Anateka pale ukingoni, palepale povu linapoelea pamoja na mafuta ya injini.

Lawama ikitafuta mwenyewe, isianze kwa vijana. Wao wanafuata maji kama kila mtu, na wanalipwa kidogo kwa gari zima. Kuwafukuza kwa fimbo hakufai. Wanarudi kesho yake, kwa sababu njaa nayo inarudi. Anayechagua mahali ni mwenye gari. Yeye ndiye anayeliingiza gurudumu majini, ndiye anayetaka bei ya chini, na ndiye anayesifu kazi kwa mng'ao wa siku moja. Akikataa kuoshewa gari ufuoni, kijana atapanda juu na beseni lake bila kuamrishwa na mtu yeyote.

Na kijana huyo ana cha kupata. Kuosha bodi kila mtu anajua. Kutunza ngozi nyeupe ni ufundi, na ufundi una bei yake. Kijana mwenye burashi laini, vitambaa visafi na sabuni inayofaa anaweza kwenda nyumbani kwa mteja, akafanya viti peke yake, akadai malipo ya viti peke yake. Wakubwa wa mitaa ya Kyeshero wangefanya kazi nzuri kuliko ya kufukuza kama wangekaa na vijana hao wakapanga sehemu moja ya kuoshea juu, mbali na wateka maji, yenye shimo la changarawe la kuchujia maji machafu kabla hayajashuka, na tshukudu ya kupandisha bidoni. Bodi na magurudumu vingeoshwa hapo. Kwa viti, hesabu ni nyepesi zaidi: bidoni moja ya lita 20 inatosha magari manne.