Jina la Mtunzi Ndani ya Faili la Wimbo

Marehemu Muhidin Gurumo, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe, na kuzikwa huko huko Aprili 2014, aliimba kwa takriban nusu karne: alijiunga na NUTA Jazz mwaka 1964, akawa miongoni mwa walioiasisi Mlimani Park mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound, kisha akarejea kwenye bendi yake ya awali, ambayo jina lake lilikuwa likibadilika kutoka NUTA kuwa JUWATA, kutoka JUWATA kuwa OTTU, hata likatulia katika Msondo Ngoma.

Ajabu ni kwamba mtu atakayejaziwa flashi ya nyimbo za zamani katika kibanda cha Maili Moja, Kibaha, aghalabu ataisikia sauti ya mzee huyu mara nyingi, wala jina lake asilione hata mara moja. Wimbo mmoja umeandikwa “Track 07”, wa pili “Zilipendwa mpya”, na wa tatu, pale palipostahili jina la mwimbaji, umebandikwa anwani ya tovuti iliyousambaza, ambayo haikutunga beti wala haikupiga gitaa.

Wengi hudhani jina la wimbo ni lile lionekanalo nje ya faili tu. Kumbe ndani yake, kando ya sauti, mna nafasi ya kuandikia habari zake. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni baiti 128 za kutiwa mwishoni mwa faili la MP3: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, kisha maelezo mafupi na namba moja ya kutaja aina ya muziki. Katika orodha ile ya kwanza ya aina 80 polka ilikuwamo, taarabu haikuwamo. Na mtunzi hakutengewa hata herufi moja. Kasoro hiyo ya mtunzi iliondolewa mwaka 1998, ulipotoka mpango mpya wenye nafasi yake maalumu, ambayo tangu toleo la 1999 huitwa TCOM. Tangu hapo hatuna udhuru.

Maana kazi yenyewe ni nyepesi mno kwa anayekubali kuandika amri kwenye kompyuta badala ya kubofya wimbo mmoja mmoja. Programu ya id3v2 hupatikana bure, na mstari huu mmoja:

id3v2 --TCOM "Muhidin Gurumo" *.mp3

huandika jina hilo katika nyimbo zote za folda kwa mara moja, pasipo kuigusa sauti. Lakini kinyota kile hakijui insafu. Ukiwamo wimbo wa mwanamuziki mwingine, Hassan Bitchuka, uliochanganyika kwa bahati mbaya, nao utaandikwa Gurumo bila kuulizwa, na dhuluma itakuwa imetendeka kwa kasi ile ile ya haki.

Kwa hiyo kabla ya amri hutakiwa sikio, na masikio hayo tunayo bado. Wako wazee wa Kisarawe walioyacheza madansi hayo, ambao kwa mstari wa kwanza tu humtambua aliyeimba, na mara nyingine humjua hata aliyetunga. Na wako vijana wa sekondari za Kibaha na Minaki, ambao kompyuta haiwatishi. Rai yangu ni kwamba maofisa utamaduni wa wilaya za Kisarawe na Kibaha wawakutanishe, wazee wasikilize na vijana waandike, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, na haki hiyo haina faida pale ambapo jina limekwisha kufutika katika kila nakala ipitayo mikononi mwa watu.

Nao wanaorekodi ngoma za vanga na mdundiko kwa simu arusini, ambao mafaili yao hubaki na tarakimu za tarehe tu, waanze leo kwa kuandika kijiji na jina la mwimbishaji. Mtunzi asipojulikana, nafasi yake iachwe wazi. Na mzee akimtaja, jina la mzee huyo liandikwe katika nafasi ya maelezo, ili atakayekuwa na ushahidi mwingine ajue ni nani wa kumwendea.