Redio iliwabeba, shaba ikawaangusha

Skiza tena "Noid", ile ngoma ya Tyler, The Creator ya 2024. Unasikia hilo gitaa linalonguruma na sauti ya Kiafrika juu yake? Hiyo haikutungwa Los Angeles. Ni Ngozi Family, bendi ya Zambia ya miaka ya sabini. Kiongozi wao, Paul Ngozi, alifariki 1989.

Muziki huo wa roki unaitwa Zamrock, na bendi iliyotangulia mbele ilikuwa WITCH. Nakuletea kisa chao kwa sababu kila mara tunapobishana hapa Kenya kuhusu redio kucheza ngoma zetu, watu huongea kana kwamba ni jambo ambalo halijawahi kujaribiwa. Limejaribiwa, tena na rais.

WITCH walikuwa vijana kutoka eneo la migodi ya shaba, Copperbelt. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alijiita Jagari, yaani Jagger wa Mick Jagger akitamkwa Kizambia. Mwaka wa 1972 walitoa albamu yao ya kwanza, Introduction, bila lebo kubwa nyuma yao, wakawa wanaiuza wenyewe kwenye shoo. Kama wewe huuza fulana zako kwa Instagram, hiyo hasla unaijua vizuri.

Kilichowapandisha ni mambo mawili. Kwanza, Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Zambia. Asilimia 95! Sisi huku tunaomba 70 na tunaonekana wakorofi. Ghafla watangazaji walihitaji nyimbo za nyumbani, na vijana wenye magitaa walikuwepo. Pili, na hapa ndipo wengi husahau, kulikuwa na pesa. Shaba ilikuwa na bei nzuri, mchimba migodi alilipwa, na mshahara ukiingia alinunua tikiti, santuri na bia. Bendi nyingine, Musi-O-Tunya, hata ilihamia Nairobi na kurekodi hapa.

Halafu mambo yakageuka. Mafuta yalipanda bei 1973, na kufikia 1975 bei ya shaba ilikuwa imeporomoka. Nchi iliyotegemea bidhaa moja ikaishiwa. Hapo kando, vita vya Rhodesia vilileta kafyu na kuzimwa kwa taa, shoo zikahamishiwa mchana. Hebu fikiria shoo ya roki inayoisha kabla ya giza. Jagari aliacha bendi 1977, akaingia ualimu. Waliobaki walijaribu disko hadi miaka ya themanini. Kisha UKIMWI ukaja, na katika kikosi kile cha mwanzo Jagari ndiye aliyebaki hai. Nyota huyo akaishia kuchimba vito ili apate riziki.

Ona sasa: agizo la redio halikuwaokoa. Wimbo wako unaweza kupigwa asubuhi hadi jioni, lakini kama msikilizaji hana shilingi ya tikiti na wewe hupati mirabaha, unakuwa maarufu na njaa. Mimi naunga mkono ngoma zetu zichezwe, sina shida hapo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hilo likipita, tumemaliza. Maswali magumu ni mawili: nani anakusanya pesa zikichezwa, na rekodi zenyewe ni za nani?

Angalia jinsi walivyorudi. Wakusanyaji wa santuri Ulaya na Marekani walizitafuta zile za zamani, na lebo ya Marekani, Now-Again, ikazitoa upya. Filamu kuhusu WITCH ikatoka 2019. Jagari na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi ya disko, wakaungana na wanamuziki vijana wa Ulaya. Albamu ya Zango ilitoka 2023, ikiwa imerekodiwa Lusaka, na Sogolo ikafuata 2025.

Nafurahi, lakini pia nakasirika kidogo. Utajiri huo ulikaa miongo mitatu hivi, na aliyekuja kuuokota akawa mgeni. Je, santuri za bendi za Nairobi za miaka hiyo ziko wapi leo? Muulize babu yako kama bado anazo, kabla mtu hajaja na pasipoti na bahasha kumuuliza yeye.

Jagari amepita miaka 70. Bado anapanda jukwaani, na mara nyingi tikiti zake huuzwa kwa yuro.